Sauti Iliyorudishwa Ghalani

Ilikuwa mwaka ule bomba kubwa la mtaa lilipopasuka. Hapana, nadanganya. Bomba lilipasuka mwaka uliotangulia, maana watu walikuwa wanachota maji barabarani wakati karakana haijapakwa hata chokaa. Basi tuseme ulikuwa mwaka uliofuata, ule ambao karakana ilipata mlango wa chuma. Naam, ni huo. Ndio mwaka Mzee Msasa alipomsikia tena mkewe akiongea.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshalala usingizi wa pono. Yeye alikuwa fundi wa karakana, na vijana walimwita Mzee Msasa, na walikuwa na sababu. Ukimpelekea kipande cha bati ulichokikata kwa jasho lako lote, alikipitisha kidole ukingoni mara moja tu, akakurudishia. "Bado. Rudi na msasa." Unaenda, unasugua mpaka kiganja kinawaka moto, unarudi. Anapitisha kidole tena. "Haya, sasa kinaanza kufanana na kitu. Rudi na msasa." Hakuwa mkali. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekukaribisha chai.

Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya hospitali, katika chumba kilichokuwa cha kufulia mashuka. Sakafu yake ya saruji iliteremka kidogo kutoka kila upande kuelekea kwenye tundu la maji katikati, kwa ajili ya maji ya sabuni ya zamani. Kwa hiyo skrubu ikidondoka humo ndani hakuna aliyepiga magoti kuitafuta. Ulikwenda kwenye chujio la tundu ukaikuta imekaa inakusubiri. "Hata skrubu ina kwao," Mzee Msasa alikuwa akisema.

Humo ndimo walimofundishwa vijana waliotaka kubuni vifaa vya tiba. Walitoka vyuoni, wengine wamesomea umeme, wengine uuguzi, wengine kompyuta tupu na bisibisi hawajawahi kuishika. Mkufunzi wao, mama mmoja mrefu asiyekuwa na haraka, alikuwa na desturi yake. Wiki za mwanzo hakuna kugusa chombo. Vijana walipelekwa wodini, wakasimama mikono nyuma, kazi yao kutazama. Usisaidie, usishauri, usijifanye mjuaji. Mtazame mtu anavyohangaika, kisha uje useme anahangaikia nini. Wauguzi mwanzoni waliwaona kero.

"Tuna vitanda havitoshi, nyie mnatuletea watalii," muuguzi mmoja aliwahi kumwambia Mkufunzi.

"Watalii hulipa," Mkufunzi akamjibu. "Hawa hata chai wananidai mimi."

Baada ya kutazama, kila kundi lilimchagua mtu mmoja mwenye shida yake, likamwomba aje karakana. Huyo aliketishwa kwenye kigoda alichokichonga Mzee Msasa kwa mkono wake, kigoda kifupi cha miguu mitatu, kimesuguliwa hadi kinang'aa. Na sheria ya kigoda ilikuwa moja: aliyekikalia ndiye bosi. Akisema kifaa kinamuumiza, kinabomolewa, hata kama vijana wamekikeshea. Palikuwa na kijana mmoja aliyesoma sana akalia machozi, kwa sababu kizee kimoja kilikaa pale kikamwambia, "Mjukuu wangu, hiki kitu kinafaa kufungia mbuzi."

Sheria nyingine ilikuwa ya Mzee Msasa mwenyewe. Darasa likifungwa, kila kifaa kilifunguliwa kikarudi kuwa vipande, na vipande vikaingia ghalani kulisubiri darasa lijalo. Alikuwa ameona tangu mwanzo kwamba vipande vizuri ni adimu, na kwamba kifaa kikiachwa kizima kabatini, vijana wapya hukinakili badala ya kufikiri. Tena kifaa ambacho wakaguzi hawajakipitisha hakiruhusiwi kwenda nyumbani na mgonjwa. Kikimdhuru huko, nani ataitika? Mkufunzi aliiona hekima hiyo, akaikubali. Ikawa ndiyo sheria.

Na Mzee Msasa ndiye aliyeitekeleza. Kuna mama mmoja alitengenezewa mfuko wa joto wa kumbebea mtoto wake aliyezaliwa kabla ya siku zake. Darasa lilipofungwa, ni Mzee Msasa aliyeupokea mikononi mwake. "Mama, usijali," alimwambia. "Mwingine unakuja, mzuri kuliko huu." Mama akasema, asante baba. Mwingine haukuja. Vijana wale walitawanyika kila mmoja na njia yake. Mtoto alikua, Mungu ni mwema, lakini yule mama alimaliza majuma akilala ameketi, mwanawe kifuani. Mzee Msasa alikutana naye siku moja dukani akamwamkia, naye akaitikia vizuri, kwa tabasamu kabisa. Tabasamu lile lilimkaa kooni kuliko matusi.

Sasa nije kwa mkewe.

Mkewe aliitwa Redio. Alikuwa anauza nguo za mitumba, na wenzake sokoni walimpa jina hilo kwa sababu hakuzimika. Alijua nani kamwoa nani, nani kaachwa na kwa nini, na kama hakujua alitunga, na alichotunga kilikuwa kitamu kuliko kweli yenyewe. Mteja aliyeshika shati bovu aliambiwa, "Liache hilo, kaka yangu, mwenyewe alilivaa akakimbiwa na mke." Nyumbani waligawana kazi: yeye aliongea, mume akaitikia "enhe." Miaka yote ya ndoa yao ilipita hivyo, na hakuna aliyehisi amepunjwa.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Wakasema ni vumbi la mitumba. Ikakwaruza zaidi, wakasema ni baridi. Alipofika kwa daktari, ugonjwa ulikuwa umeshajenga nyumba kooni, na njia ya kumwokoa ilikuwa kuliondoa koromeo lote. Akatoka chumba cha upasuaji mzima, anapumua kwa tundu shingoni analolifunika na kitambaa cheupe, na sauti hana.

Kuandika alijua. Lakini alimwonyesha mumewe kwa mikono kwamba utani ukiandikwa unapoa. Akaacha kwenda sokoni. Jioni waliketi wawili wakila, vijiko vikigonga sahani, na Mzee Msasa mara nyingine alijikuta anasema "enhe" peke yake, kwa mazoea.

Vijana walimpata wenyewe, mume hakuwaambia neno. Walikuwa wamesimama kliniki mikono nyuma, binti mmoja waliyemwita Miwani na mwenzake aliyeacha udaktari katikati, wakamwita Nusu Daktari. Wakamwona mama mmoja kwenye benchi anagombana na karani kwa mikono tupu, na benchi zima linacheka naye. Wakamfuata.

Mzee Msasa alipomwona mkewe analetwa kigodani, alimwendea Mkufunzi. "Mama, huyu ni mke wangu."

"Najua. Ni mgonjwa kama wengine?"

"Ni mgonjwa kama wengine," akasema. Akachukua msasa wake. "Na sheria ni ile ile." Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo.

Vifaa vya kumrudishia sauti mtu kama huyo vipo duniani: kitu unakibana chini ya taya, kinatetemesha koo, na mdomo unaugeuza mtetemo kuwa maneno. Lakini vinatoka mbali, na bei yake haikuwa ya watu wa mitumba. Miwani alitaka kitu ambacho kikiharibika, fundi wa redio wa mtaani anaweza kukifungua. Cha kwanza kilitetemeka mpaka meno ya Redio yakagongana, naye akampiga Nusu Daktari kofi la begani. Cha pili kilikaa juu ya kovu. Akagonga mguu wa kigoda kwa kisigino, hapana, hapana, hapana. Wakabomoa. Cha tatu kilivalishwa ganda la tochi, na ndani yake wakaweka kitetemeshi kidogo walichokitoa kwenye kengele ya mlango ya kigeni iliyokuwa ghalani. Kengele ya aina ile ilikuwa moja tu.

Ganda lilisuguliwa na Mzee Msasa.

Asubuhi ile Redio alikibana shingoni, akabonyeza. Ikatoka sauti kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo, bapa, haipandi haishuki. Lakini ndani ya mngurumo ule maneno yalikuwemo, na wote waliyasikia.

"Kwanza," akasema Redio, "huyu mzee wangu shati lake halina kifungo tangu ninyamaze, na nyie wasomi wote hamkuona."

Karakana ililipuka kwa kicheko. Miwani alikuwa anaruka. Mzee Msasa aliweka tupa chini polepole, akatoka nje hadi kwenye tangi la maji, akanawa uso. Akanawa tena.

Kwa kuwa kifaa hakikuruhusiwa kwenda nyumbani, mambo yakawa hivi: kila asubuhi mume na mke walikuja pamoja, na Redio akakichukua kutoka kwenye droo. Mchana kutwa vijana walimpima, wakaandika, wakarekebisha, naye katikati ya kupimwa akaongea. Jioni alikirudisha, wakaenda nyumbani kimya. Ndoa yao yote ikahamia karakana. Ukaribiapo wakati wa kufunga, Redio alikazana kama mtu anayeanua nguo mvua inakuja.

"Sikiliza sasa, nyumbani nitakuwa bubu. Dada yako ana hasira na wewe. Bati la jikoni linavuja. Na jirani yule amenunua kochi ambalo halipiti mlangoni, wanalikalia nje."

"Enhe," anasema mumewe, anasugua.

"Usiniambie enhe. Cheka. Nimelibeba neno hilo la kochi tangu jana."

Naye akacheka. Vijana wa madarasa yaliyotangulia wanasema hawakuwahi kumwona mzee yule akicheka kabla ya darasa lile.

Siku ya kufunga darasa walikuja wageni wenye suti. Redio alivaa gauni lake la zamani la sokoni, akaketi kigodani, akawaambia kwa sauti yake ya nyigu, "Zamani nilikuwa redio ya bure. Sasa natumia betri, kwa hiyo semeni haraka mnachotaka kusikia." Wakapiga makofi mpaka wengine wakasimama. Wakampiga picha. Kisha wakanywa soda, wakaondoka.

Wakabaki wao, na chupa tupu, na vifaa mezani. Ikawa saa ya kufungua.

Vijana walifungua vingine vyote kwanza. Cha Redio kilibaki mkononi mwake. Hakuna aliyemwendea. Miwani akasema kwa sauti ndogo, "Babu, hiki tusikifungue. Tuseme tu kimepotea."

Nusu Daktari akasema, "Nani atajua?"

Mkufunzi alikuwa anakusanya chupa. Aliziweka chini. "Sheria ni yako, Mzee," alisema. "Ukisema tuiache leo, tutaiacha. Sitakuuliza."

Mzee Msasa alisimama na bisibisi mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa watu kumshika. Alitazama sakafu. Redio alimtazama yeye, kisha akakiinua kifaa, akakibana shingoni.

"Yule mama wa mfuko. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mwingine unakuja."

"Basi na mimi niambie."

Akaigeuza bisibisi kiganjani. Angeona aibu kumdanganya, na angeona aibu zaidi kama ni kweli, mkewe aletewe kingine ilhali yule mama hakuletewa.

Miwani ndiye aliyesema. "Kingine kinakuja, bibi. Kabla ya darasa lijalo, chenye vibali vyake, uende nacho mpaka sokoni. Nakuapia."

"Umesikia," Redio akamwambia mumewe. "Fungua, mume wangu. Tusiwe watu wa kuchukua vya wenzetu halafu tufiche chetu. Nitakutana na yule mama dukani, nimtazame vipi?" Akakikaza kidole kwenye kitufe, nyigu akingurumia patupu, kisha akaongeza, "Lile kochi, wamelikata mguu. Sasa linapita mlangoni ila halisimami."

Akazima. Akampa.

Mzee Msasa aliketi chini, akakifungua. Mikono yake ilikuwa myepesi sana siku ile. Skrubu ya mwisho ilimtoka ikaanguka, ikabingirika ikiimba juu ya saruji hadi kwenye chujio. Hakuna aliyekwenda kuiokota.

Miwani hakuwa mwongo. Michoro aliibeba, na kwa miezi aliihangaikia. Lakini kazi yake ilipendwa, akaitwa kwenda kusoma ng'ambo, nani atakataa? Nusu Daktari alirudi kumaliza udaktari, akapangiwa hospitali ya mbali. Miwani alikuwa akipiga simu. "Bado kidogo, babu. Wakaguzi wanataka jaribio jingine." Mzee anasema, "Sawa, mwanangu, soma." Darasa jipya likaingia, likafungua masanduku ya ghala, likakiona kile kitetemeshi. Likakitumia kutengenezea kengele ya kuwaambia wauguzi kwamba dripu imeisha. Wakaijaribu wodini, ikafanya kazi vizuri. Kuna siku Mzee Msasa alikuwa anapita wodini amebeba ngazi, dripu ya mtu ikaisha, akasikia ile sauti bapa ikinguruma nyuma ya pazia. Aliishusha ngazi, akasimama, akasikiliza mpaka muuguzi alipokuja kuizima.

Alijaribu kutengeneza mwenyewe. Ganda aliliweza, alilisugua likawa laini kama yai. Ya ndani yalimshinda. Aliwasha, ikakoroma, ikafa. Alinunua kengele za mlango za kila duka, hakuna iliyotetemeka namna ile, na umeme haukuwa fani yake. Aliwaomba vijana wa darasa jipya. Walikuwa wema, wakaahidi, na walikuwa na mtu wao kigodani.

Mwisho akachoka. Jioni moja akalibeba lile ganda tupu nyumbani, akamwekea mkewe mezani. "Nimeshindwa," akasema. "Ila limesuguliwa."

Redio alilichukua, akaligeuza-geuza. Akalibana shingoni pale pale pa siku zote, akabonyeza mahali ambapo kitufe kingekuwa, akaanza kuongea. Haikutoka sauti. Midomo ilikwenda tu, mbiombio, nyusi zinapanda zinashuka, mkono wa pili unaonyesha upande wa kwa jirani.

Mzee Msasa alimtazama.

"Enhe," akasema.

Redio akaendelea. Akafika mahali pa kucheka, mume akacheka. Na tangu siku ile jioni zao zikawa hivyo. Mzee mwenyewe aliniambia kwamba mengine aliyafahamu na mengine hakuyafahamu, lakini hakumkatisha hata mara moja.

Ugonjwa ulirudi kupitia mlango mwingine, mapafuni. Wakamlaza. Siku moja likaja darasa jingine, likasimama kando ya kitanda mikono nyuma, likatazama. Redio alilitoa ganda chini ya mto, akalibana shingoni, akawahutubia kirefu, bila sauti. Vijana wakatazamana. Mmoja akamuuliza Mzee Msasa, "Babu, bibi anasema nini?"

"Anawaambia mshushe mikono," akasema. "Mnamtisha."

Redio akatikisa kichwa, kwamba sivyo alivyosema. Lakini alikuwa anacheka.

Alikufa asubuhi, mumewe akiwa amekwenda kumchotea maji ya kunawa. Alirudi na beseni akakuta pazia limevutwa. Ganda lilikuwa juu ya shuka. Alifikiri amzike nalo, kisha mkono ukakataa. Akarudi nalo nyumbani mfukoni.

Miaka ilipita kabla Miwani hajarudi, mtu mkubwa sasa, amealikwa kuzungumza na darasa siku yao ya kwanza. Kifaa chake kilikuwa bado kwa wakaguzi. Aliona picha ya Redio ukutani, akaanza kuwaeleza vijana habari za bibi mmoja aliyewafundisha kusikiliza, na katikati ya maneno akashindwa, akavua miwani akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Mkufunzi, ambaye nywele zilikuwa zimeshakuwa nyeupe, akamgeukia fundi wake mlangoni. "Mzee wetu, waambie neno vijana. Hata la msasa."

Mzee Msasa aliingia taratibu. Alitoa ganda mfukoni, akaliweka juu ya kigoda, lisianguke, akalishikilia kwa kidole kimoja mpaka likatulia. Hakuwa na hasira. Wote waliokuwepo wanasema hivyo.

"Mimi sikusoma, wanangu," alisema. "Nitawauliza tu, na yeyote anayejua anijibu, hata wewe, binti yangu Miwani, hata wewe, Mama. Kile kifaa tulimtengenezea yeye. Tulikipima kwa shingo yake, tukakibomoa kwa neno lake, tukakisuka upya mpaka akasema kinamfaa. Siku ile kilipokuwa kooni mwake kinaongea, kilikuwa cha nani?"